Janti mupya ku motokari, minervali haijalipwa

Kila mwisho wa mwezi tunaona kitu kimoja mu mitaa yetu, iwe Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi. Siku mbili tatu kisha mushahara kuingia, vijana wenye ndoo na sabuni wanapata kazi mingi. Motokari zinatolewa chini ya bashi, zinaoshwa mpaka mu mipira, muziki unafunguliwa kwa nguvu, na avenue nzima inajua kama fulani yuko nyumbani. Watoto wanakimbia nyuma. Mama moja anauliza jirani yake: "Ile motokari ya nani?" Wanamujibu. Naye anasema: "Aa, kumbe ule naye sasa eko muntu!"

Eko muntu. Tusimame kidogo ku ile neno. Maana yake ni kwamba mbele ya kununua motokari hakukuwa muntu. Alikuwa baba wa watoto wane, alikuwa na miaka kumi na mbili ya kazi mu vumbi na mu kelele ya mashini, alikuwa analipa nyumba na kuzika watu wa jamaa, lakini hakukuwa muntu. Ni motokari njo ilimupa cheti cha kuwa muntu.

Na kesho yake, saa kumi ya usiku, tunamuona yule yule baba anasimama ku kona ya balabala na kaske mukononi, anangojea basi ya kampuni sawa wenzake wote. Motokari haiendi ku kazi. Inabaki mu lupango siku sita, chini ya bashi, na jirani wanaonywa watoto wasiiguse. Siku ya saba inapeleka jamaa ku kanisa, mahali ambapo kwa miguu ni dakika kumi. Kisha inarudi kulala.

Hatuandike hii juu ya kuchekelea mutu. Wengi kati yetu tunaoandika hapa tumezaliwa mu nyumba za wafanyakazi wa mine, na tunajua njaa ya kuheshimiwa ni njaa ya kweli. Lakini tunataka kusema neno moja wazi, juu mu nyumba nyingi halisemwe: motokari inayonunuliwa na kupambwa ili watu waone kama tumefika, mara mingi njo inatuzuia kufika.

Motokari yenyewe si mubaya

Tuanze na haki. Motokari ni kitu cha maana. Mutoto akishikwa na homa usiku wa manane, mwenye motokari anafika ku lopitalo mbele ya saa kupita. Mama anayeuza makala ao unga anabebesha mizigo yake bila kugombana na wapiga pusu. Jamaa ikifiwa mu kijiji, motokari moja inapeleka watu saba. Kuko wenye kununua motokari, wakaiweka taxi, na ile taxi ikasomesha watoto mpaka ku université. Ule mutu hatuna neno naye. Yeye alinunua chombo cha kazi.

Tena, hamu ya kuonekana haikuzaliwa jana. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Union Minière, namna mufanyakazi alivyokuwa anaweka falanga mwezi kisha mwezi ili anunue kinga. Siku ya kwanza ya kuipanda hakupita njia ya mukato. Alipita mahali watu wanakaa. Mu nyumba ya pili ilikuwa mashini ya kushona, mu nyumba ya tatu gramafoni. Ilikuwa vile vile wakati wa Gécamines, na redio, friji na televizio. Mutu aliyekuwa anaitwa boy mchana kutwa, alitaka jioni aitwe bwana. Nani atamuhukumu?

Na motokari iko na uzito wa pekee kwetu. Kwa miaka mingi, mu muji wa mine, aliyekaa mu motokari ni mukubwa, na aliyetembea pembeni akila vumbi ni mufanyakazi. Leo pia iko vile: Land Cruiser ya wakubwa inapita, basi ya wafanyakazi inangojea ku mulango. Kwa hiyo mufanyakazi akipata volan ya kwake mukononi, moyoni anasema: na mi leo sile tena vumbi. Tunaelewa. Hatutaki mutu yeyote arudi kula vumbi.

Lakini kinga ya babu ilikuwa na tofauti moja kubwa. Ilikuwa inamupeleka ku kazi na kumurudisha. Haikunywa mafuta. Na alipoimaliza kulipa, iliisha kulipwa.

Vitu vya mine mu cité

Angalieni tena vile motokari zinapambwa leo. Wafanyakazi wa mine watacheka, juu wao njo wanajua chanzo cha ile mapambo.

Ku mine, kila motokari ndogo inayoshuka mu shimo iko na bendera ndogo juu ya fimbo ndefu. Iko na girofari, ile taa ya rangi ya chungwa inayozunguka juu. Iko na namba kubwa ku mulango. Iko na vyuma vya kulinda watu kama ikipinduka. Hivi vyote vina sababu. Dereva wa lori kubwa la kubeba mawe anakaa juu sana, na mbele yake na kwa upande kuko mahali ambapo jicho lake halifike. Pick-up nzima inaweza kujificha pale. Bila ile bendera na ile taa, lori linaweza kupita juu ya pick-up na dereva asijue kama amekanyaga kitu. Watu walikufa vile mu mashimo ya dunia nzima, na ile bendera ilitoka mu damu yao.

Sasa tunaiona mu cité. Kijana anafunga bendera ndefu ku Noah ya jamaa, mahali ambapo hakuna lori hata moja la mine. Anaweka girofari juu ya RAV4. Anabandika namba ku mulango. Mwingine anaweka bomba la kuvuta hewa linalopanda mpaka juu ya kioo, lile lilitengenezwa kwa motokari zinazovuka mito, na ile motokari maji yake makubwa ni yale ya kuioshea. Anataka mutu amuangalie na kufikiri: ule anafanya ku mine, tena si kazi ya chini.

Ku mine, kila kitu juu ya motokari kiko pale ili mutu arudi nyumbani muzima. Mu cité, kile kile kitu kiko pale ili mutu aangaliwe. Na kama kingekuwa cha kuangaliwa tu, tungecheka tukaenda. Lakini mapambo mingine inaua.

Fundi anajua, tumuulize

Tuchukue mipira mikubwa na janti kubwa, njo mapambo inayopendwa kuliko yote. Motokari ilitengenezwa kwa kipimo fulani cha mupira. Ukiweka mupira ambao muzunguko wake ni mukubwa kwa sehemu moja juu ya kumi, kipimo cha mwendo kinaanza kukudanganya: kinaonyesha 80, wewe uko unaenda 88. Freni, ambayo ilipimwa kwa mupira mudogo, sasa inahangaika na mupira muzito. Na kama mipira inatokea inje ya mubati, uzito wote unavuta rulema kwa pembeni, inakufa mbele ya wakati. Kisha tunasikia: "Ile motokari ilikuwa na mikosi." Haikuwa mikosi. Ilikuwa ni mipira.

Wengine wanakata resori ili motokari ikae chini, ionekane ya mashindano. Mu balabala zetu zenye mashimo? Kila shimo linapiga chini ya motokari, mpaka siku moja linatoboa sanduku la oili. Wengine wanaipandisha juu sana. Motokari iliyopandishwa inapinduka kwa kona ambayo zamani ilikuwa inapita bila shida.

Kuko taa. Ampuli kali nyeupe zinauzwa kila mahali, na kijana anaziweka mu taa ambayo haikutengenezwa kwa ampuli ile. Mwangaza haushuke tena ku balabala. Unasambaa, unaingia mu macho ya anayetoka mbele. Mutu aliyepigwa na mwangaza ule haone kitu kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Ku mwendo wa 80, mu ile muda motokari inakimbia zaidi ya metre 60. Metre 60 za upofu. Na ni nani anatembea pembeni ya balabala saa ya magaribi? Ni mama anarudi shambani. Ni mutoto anayeenda kununua mukate. Ni mwenzako wa kazi ambaye basi ilimuacha.

Kuko filimu nyeusi ku vioo. Wakubwa wa serikali wameikataza mara nyingi, na kila mara inarudi, juu nyeusi inasema: ndani ya hii motokari kuko mutu mukubwa. Lakini usiku, aliye ndani ya giza mara mbili njo dereva mwenyewe. Anapotoka mu kona, mutu wa miguu aliyevaa nguo nyeusi haonekane hata kidogo.

Kuko na bomba la moshi linalokatwa ili motokari ivume. Wazee walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Mutoto mudogo wa jirani anaamuka usiku akilia, mugonjwa wa mutaa hapate usingizi, na mwenye motokari anafikiri wanamusifu.

Tuongeze jambo moja ambalo si pambo, lakini linazidisha hatari ya ile yote. Motokari zetu nyingi zinatoka Japani, zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia Kasumbalesa, safari ya karibu kilometre 2.000. Zinakuja na volan ya kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume wa balabala. Dereva akiwa nyuma ya lori na anataka kulipita, hawezi kuona mbele mpaka atoe nusu ya motokari mu njia ya wengine. Kati ya Lubumbashi na Kolwezi ni zaidi ya kilometre 300, na ile njia yote imejaa malori yaliyobeba shaba, asidi, chokaa na mafuta. Mutu mwenye volan ya kuume, mipira inayodanganya kipimo, vioo vyeusi na muziki unaofunika klakisoni, anatoka kupita lori. Upande wa pili anatoka mwenye ampuli nyeupe. Hatuna lazima ya kumaliza ile hadisi. Kila avenue iko na jamaa inayoijua.

Inashangaza moyo. Mutu anafanya masaa kumi na mbili mu shimo, anafuata kila sheria ya usalama: mukanda, kaske, botini, taa, kusimama, kuita kwa redio. Anatoka muzima. Kisha anakufa ku balabala akiwa ndani ya motokari aliyoiharibu kwa falanga zake mwenyewe.

Tufanye hesabu ku meza

Sasa tukae ku meza, bwana na bibi, na kipande cha karatasi. Tuseme tu mufano, kila mutu ataweka hesabu yake.

Tuseme mushahara ni dola 500. Tuseme motokari tayari iko, ililipwa. Janti na mipira mikubwa, 700. Muziki na ma-bafle, 300. Taa, filimu, bendera na vitu vidogo, 150. Jumla 1.150. Ni mishahara miwili na zaidi. Ni mwezi mmoja na mwingine wa kushuka mu shimo, bila kula, bila kulipa nyumba, bila kununua dawa, kwa ajili ya vitu ambavyo havisogeze motokari hata metre moja.

Mutu atasema: "Nikiuza motokari nitarudisha ile falanga." Hapana. Anayekuja kununua anafungua kapo, anasikiliza moteri, anaangalia kama iligongwa. Janti anazisifu kwa mudomo, kwa falanga hazilipe.

Na mara nyingi ile 1.150 haitoke mu mufuko. Inatoka mu deni. Tunawajua wakopeshaji wa mutaa: unachukua 400, mwisho wa mwezi unarudisha 600. Ukikosa, 600 inageuka 900. Carte ya banki inabaki mukononi mwao, na siku ya mushahara wao njo wanafika wa kwanza ku mashini ya kutoa falanga. Bwana anarudi nyumbani na motokari inayongaa na mufuko mutupu. Bibi haulize mbele ya watu, juu anaogopa kumupa haya. Anaenda ku likelemba, anaomba bamama wenzake wamupe zamu yake mbele ya siku. Kwa hiyo, janti ile haikulipwa na bwana. Ililipwa na nyanya, chumvi na samaki za bibi yake.

Kisha masomo. Tunajua tangu 2019 masomo ya musingi ya serikali ni bure. Lakini sekondari si bure, masomo ya watu binafsi si bure, na université ni mulima. Kila mwaka, mu miezi ya kwanza, tunakuta watoto ku balabala saa nne ya asubuhi, na uniforme safi, begi mugongoni. Wamerudishwa. Ukiwauliza, wanajibu kwa sauti ya chini: "Papa hajalipa minervali." Na wakati mwingine unamusindikiza mutoto mpaka kwao, na mu lupango unakuta motokari chini ya bashi, na janti ambazo ungeona hata usiku.

Ule mutoto naye ana macho. Anajifunza. Anajifunza kama mu nyumba ya baba yake motokari inapita kichwa chake.

Mine inapanda, mine inashuka

Mutu mwingine atatujibu: "Nitalipa, niko na kazi." Tunamuomba akumbuke kazi yetu ni kazi ya namna gani. Bei ya shaba na ya kobalti haipangwe Kolwezi, wala Kinshasa. Inapangwa mbali, na inapanda na kushuka bila kutuuliza.

Wazee wa Gécamines hawajasahau 2003 na 2004, wakati wa départs volontaires. Zaidi ya wafanyakazi 10.000 walichukua falanga ya kuagana na kazi mu mara moja. Kuko waliofungua shamba, kuko waliofungua duka. Kuko pia walionunua motokari ya zamani, wakatembea nayo kama wakubwa kwa miezi michache, kisha ikafa, na hawakuwa na kazi wala motokari.

Mu 2008, katikati ya mwaka tani ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8.000. Mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa karibu 3.000. Kampuni nyingi hapa kwetu zilifunga milango, na watu wengi walirudi nyumbani bila kazi. Mu 2018, kobalti ilipita dola 90.000 kwa tani. Ba creuseurs na ba négociants walinunua motokari sawa watu wananunua mikate. Mwaka mmoja kisha, ile bei ilibaki karibu theluthi moja. Na mu mwezi wa pili wa 2025, serikali yenyewe ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi, na mu mwezi wa kumi ikaweka vipimo kwa kila kampuni. Hata kama sababu ilikuwa njema, ya kupandisha bei, aliyekuwa anaishi kwa ile kazi alingoja.

Pale njo tunaona kitu ambacho mutu hakione siku ya kununua. Mu muji wa mine, watu wote wanapata falanga wakati mmoja, na wote wanaikosa wakati mmoja. Mine ikipanda, kila mutu anatafuta motokari, bei inapanda, nawe unanunua bei kali. Mine ikishuka, kila mutu anauza, hakuna mununuzi, nawe unatoa yako kwa nusu ya bei. Motokari yako inapoteza nguvu ile siku unaihitaji ikuokoe. Lupango lenye kartasi halifanye vile. Diplome ya mutoto haifanye vile. Mifugo na shamba la muhindi havifanye vile.

Na wengi wetu leo hatuna hata kazi ya kudumu. Tuko mu sous-traitance, kontra ya miezi sita, kontra ya mwaka. Deni la motokari linapita kontra. Kontra inaisha, deni linaendelea kutembea peke yake.

Nani anayenunua ile motokari?

Lakini tusimutupie mawe mwenye motokari peke yake. Yeye anajua kitu ambacho sisi wengine hatutaki kukubali: kama motokari inafanya kazi. Watu wanaiitika.

Fika ku mulango wa ofisi kwa miguu: mulinzi anakuuliza unatafuta nani, unatoka wapi, ungoje pale. Fika ku mulango ule ule na Prado: mulango unafunguka mbele ya kupiga klakisoni. Fika ku arusi kwa miguu: unakaa nyuma karibu na ba-bafle. Fika na motokari: kuko kiti mbele, na mutu wa kukutafutia bia ya baridi. Ku kanisa pia, tusiwe na haya kusema, kuko wachungaji wanaojua motokari za waamini kuliko majina ya watoto wao. Mu mazungumzo ya mahari, bakwe wanachungulia inje kwanza. Wazazi wa binti wanauliza: "Anatembea na nini?" mbele ya kuuliza: "Anatembea namna gani?"

Na sisi wa gazeti? Na sisi tuko mu kosa. Mara ngapi tumeandika kama mukubwa fulani alifika na musururu wa motokari, sawa vile ule musururu ni kazi aliyoifanyia muji? Tunajipiga kifua.

Kwa hiyo ile motokari hainunuliwe na mutu mumoja. Inanunuliwa na macho yetu sisi wote. Kijana anayeweka girofari juu ya motokari ametusoma vizuri. Ameona kama heshima yetu inauzwa, akauliza bei, akalipa.

Tunaomba nini

Hatuombe watu watembee kwa miguu. Tunaomba mambo machache, ambayo kila nyumba inaweza kuanza mwezi huu.

Kwanza, motokari na ipambwe kisha mambo tatu kulipwa: minervali ya mwaka mzima, nyumba, na akiba kidogo ya siku mine itasimama. Ile isipokuwa tayari, janti zingoje. Zitakuwa pale pale ku duka.

Pili, falanga ya kwanza inayoenda ku motokari iende ku freni, ku mipira ya kipimo chake, ku taa za kweli, ku mikanda. Kama fundi anakuambia kitu ni cha uzuri, muulize: ku mwendo wa 80, na mvua, na lori mbele, kinanisaidia ao kinaniua? Fundi mwaminifu atakujibu. Na ninyi mafundi, tunawaomba mujibu hata kama munapoteza kazi ya siku moja.

Tatu, bwana na bibi wafanye hesabu pamoja. Mama anayejua bei ya motokari na bei ya deni, atasaidia kuibeba. Mama anayefichwa, siku moja atajua kwa mukopeshaji, na ile siku nyumba inatikisika.

Ine, kampuni zinazofundisha usalama kila asubuhi mbele ya kazi zisiishie ku mulango wa mine. Waongeze dakika tano juu ya motokari za wafanyakazi na njia ya kurudi nyumbani. Na polisi wa roulage, wanaposimamisha motokari, waangalie taa na mipira kwa kweli, wasiangalie tu mufuko wa dereva.

Tano, sisi wengine wote, tubadilishe namna ya kusalimia. Mu arusi, kiti cha mbele kiende kwa wazee na kwa waliosaidia. Mu kanisa, mutu ajulikane kwa jina lake. Mu mahari, tuulize kijana kama analipa madeni yake. Siku heshima itaacha kuuzwa, bei ya janti itashuka yenyewe.

Kesho saa kumi ya usiku yule baba tuliyeanza naye atasimama tena ku kona, na kaske mukononi, akingojea basi. Pale ku kona wenzake hawamuulize anatembea na nini. Wanamujua kama mutu ambaye akisema mulima uko salama, uko salama, na akisema tutoke, wanatoka. Ile heshima hakuinunua. Inamungojea kila asubuhi bila bashi wala sabuni. Tunamuomba aipeleke nayo nyumbani, aiweke mbele ya watoto wake, na mwezi huu, mbele ya kupita ku duka la janti, apite kwanza ku masomo.